Kizibo, Gunia na Bati

Mchoraji wa rangi za mafuta hutumia vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya kazi yake. Rangi ilisagwa ili ipakwe, kanvasi ilifumwa na kuwambwa ili ipokee rangi, na mtazamaji akisimama mbele ya picha hana haja ya kuuliza vitu hivyo vilikuwa wapi kabla ya hapo. Msanii anayetumia vizibo vya chupa za pombe, magunia ya mkaa, maganda ya risasi au bati la paa huanzia mahali tofauti. Vitu vyake vimekwisha kufanya kazi nyingine. Vimenunuliwa na kuuzwa, vimepita mikononi mwa watu wengi, vimechakaa, vimetupwa. Kabla msanii hajavigusa tayari vina habari zake, na uamuzi mkubwa alio nao ni azifanyie nini habari hizo: azifute, azifunike kwa urembo, au aziache zisikike.

Sifa mbili hutolewa haraka mno kwa wasanii wa aina hii, hasa wakiwa Waafrika. Ya kwanza ni kwamba wanasafisha mazingira. Ya pili ni kwamba umaskini ndio uliowafunza, yaani walikosa rangi wakaokota makopo. Sifa zote mbili huwadhulumu. Mghana El Anatsui alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu aliyekwisha kufanya kazi za mbao na za udongo kwa zaidi ya miaka 20 kabla hajashika kizibo hata kimoja. Mghana mwenzake, Ibrahim Mahama, hutoa magunia mapya ili apewe yaliyochakaa. Watu hawa walichagua, na uchaguzi wao unastahili kuchunguzwa kwa umakini uleule wanaopewa wachoraji wa rangi.

Kuchanganya malighafi katika kazi moja ni desturi ya kale barani Afrika. Kinyago cha mapiko cha Wamakonde, cha pande zote mbili za mto Ruvuma, huchongwa kwa mti mwepesi, kisha hubandikwa nywele halisi za binadamu, na chale za usoni huinuliwa kwa nta ya nyuki. Wakongo nao walikuwa na minkisi: sanamu za mti zilizowekwa dawa tumboni nyuma ya kipande cha kioo na kupigiliwa misumari na vipande vya chuma. Msumari haukuwa pambo. Uliingizwa kwa ajili ya kiapo, mkataba au shauri la watu fulani, hivi kwamba sanamu iliyojaa misumari ilikuwa pia kumbukumbu ya mambo ya kijiji kizima. Huko Ulaya jambo hili lilianza kuhesabiwa kuwa sanaa mwaka 1912, Pablo Picasso alipobandika kwenye picha yake kipande cha kitambaa cha meza kilichopakwa mafuta na kuchapwa mfano wa kiti cha henzirani, akaizungushia kamba badala ya fremu. Mwaka 1919 Kurt Schwitters, katika mji wa Hannover, alianza kutengeneza picha kwa tiketi za tramu, vipande vya magazeti na mabaki ya mbao.

Tanzania ina mfano wake ambao mara nyingi hausomwi hivyo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia hadibodi ya dari na rangi ya kung'aa ya kupaka baiskeli. Vifaa vya ujenzi na vya fundi baiskeli vikawa ndivyo vilivyoamua sura ya sanaa nzima: mipaka mikali ya rangi, uso unaong'aa, na umbo la mraba lililotokana na kugawanya hadibodi. Hata malighafi inayoitwa ya kawaida ina safari zake. Katika karne ya 19 vanishi nzuri za Ulaya na Marekani zilipikwa kwa sandarusi iliyochimbwa katika mwambao wa Tanganyika na kupitishwa Unguja. Ila vanishi ikikauka haisemi ilikotoka, na hapo ndipo kizibo na gunia vinapotofautiana nayo.

Anatsui alizaliwa mwaka 1944 Anyako, katika nchi ya Waewe kusini-mashariki mwa Ghana, kwenye jamii ya wafumaji wa kente. Alisomea uchongaji Kumasi, kwa mitaala iliyorithiwa kutoka Uingereza, na alipomaliza alianza kutafuta kitu ambacho mitaala hiyo haikumpa. Alikipata sokoni. Wachuuzi wa kike walipanga bidhaa zao juu ya sinia za mti za duara, naye akazichukua sinia hizo na kuzichoma alama kwa vyuma vya moto. Mwaka 1975 alihamia Nsukka, katika Chuo Kikuu cha Nigeria, akafundisha huko kwa miongo mitatu na ushee. Katika miaka ya 1970 alifinyanga vyungu vilivyovunjika. Kuanzia mwaka 1980 alichonga mbao kwa msumeno wa injini, akiacha makovu ya msumeno yaonekane wazi. Baadaye akageukia makopo ya maziwa na mabati yaliyotobolewa ya kukwaruzia mihogo. Ukizipanga kazi hizi kwa miaka yake, utaona kwamba mara nyingi alishika kitu kilichowahi kukaa karibu na chakula cha watu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota, karibu na Nsukka, mfuko uliojaa vizibo vya alumini vya chupa za pombe kali pamoja na kanda zinazofungwa shingoni mwa chupa. Aliuweka karakanani kwa muda kabla hajajua utafaa kwa kazi gani. Kilichotokea baadaye ni ufundi mwepesi kuueleza na mgumu kuutenda. Vijana wa mji huo huketi wakiponda, wakikunja, wakikata na kusokota. Kichwa cha kizibo kikipondwa huwa duara bapa. Ukanda wa shingoni ukifunguliwa huwa utepe, ukisokotwa huwa kijiti, na pete ya chini ikiachwa ilivyo huwa tundu la kupitisha mwanga. Kila kipande hutobolewa na kufungwa kwa jirani yake kwa waya mwembamba wa shaba. Vipande vikiwa mamia huwa bango moja, mabango hutandazwa sakafuni, na Anatsui huyapanga na kuyapangua mpaka rangi zikubaliane: dhahabu, nyekundu, nyeusi, fedha, kila rangi ikiwa imetoka kwenye chapa fulani ya kinywaji. Anayekaribia ukuta anaweza kuyasoma majina ya vinywaji hivyo.

Kazi ikikamilika haina umbo moja. Hukunjwa kama shuka, huwekwa ndani ya sanduku na kusafirishwa, na wale wanaoitundika huamua wenyewe mikunjo ielekee wapi. Anatsui huwaachia uhuru huo kwa kusudi. Kwa karne nyingi mchongaji alisifiwa kwa kuweka umbo lisilobadilika. Huyu ametengeneza chuma kinacholala na kuinuka, ambacho ukumbi mmoja hukionyesha kama ukuta na mwingine kama pazia lililoporomoka. Huenda hili ndilo jambo kubwa zaidi alilolifanya, kubwa kuliko hata uchaguzi wa vizibo.

Uchaguzi wa vizibo nao haukuwa wa bahati tu, ingawa mfuko uliokotwa kwa bahati. Pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Ulaya walizileta pwani ya Afrika Magharibi wakati wa biashara ya watumwa. Watu waliouzwa walivushwa Atlantiki wakalima miwa, molasi ya miwa ikatengenezewa ramu, na ramu ikarudi katika mzunguko uleule. Kizibo cha chupa ya Nsukka kimetoka kiwandani Nigeria, lakini kinywaji kilichofunikwa nacho kina nasaba hiyo. Anatsui amelieleza jambo hili hadharani mara nyingi. Kazi zake mbili za mwanzo za aina hii, Man's Cloth na Woman's Cloth, zimo katika Makumbusho ya Uingereza jijini London, jengo ambalo lenyewe lina mengi ya kujibu kuhusu vitu vilivyovuka bahari. Mwaka 2007 alitundika kazi ya vizibo mbele ya jumba la Palazzo Fortuny jijini Venice, na tangu hapo jina lake halijashuka. Maonyesho ya Bienale ya Venice yalimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu wa mafanikio ya maisha mwaka 2015. Kuanzia Oktoba 2023 hadi Aprili 2024 ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London, ulijazwa na Behind the Red Moon, kazi ya sehemu tatu ambayo ya kwanza ilining'inia kama tanga jekundu la jahazi. Kampuni ya Tate, ambayo jina lake limebaki kwenye jumba hilo, ilijengwa kwa biashara ya sukari iliyoanza baada ya utumwa kupigwa marufuku katika makoloni ya Uingereza, lakini sukari yenyewe ilikuwa zao la historia hiyohiyo. Vizibo vya pombe chini ya jina hilo havikuhitaji maelezo marefu.

Hapo hupatikana kipimo kinachofaa kwa kazi zote za namna hii. Malighafi hii ingeweza kubadilishwa na nyingine bila kazi kupoteza kitu? Vipande vya shaba vingeng'aa kuliko vizibo, na mikunjo ingekuwa ileile, lakini biashara ya pombe ingetoweka ukutani. Basi vizibo ni vya lazima. Kuna kazi nyingi za vitu vya kuokotwa ambazo haziwezi kupita mtihani huu.

Ibrahim Mahama, aliyezaliwa Tamale, kaskazini mwa Ghana, mwaka 1987, anaupita kwa urahisi. Magunia ya juti anayotumia hutengenezwa Asia Kusini na huingizwa Ghana kwa ajili ya kubebea kakao ya kuuzwa nje. Kakao ikishasafiri, gunia hubaki na kuanza maisha ya pili: hubeba mchele, mahindi, na mwisho mkaa. Kila mmiliki huandika jina au alama yake, na kila tundu hushonewa kiraka. Mahama huyakusanya sokoni kwa kubadilishana na mapya, kisha vibarua, wengi wao wakiwa wahamiaji wa mjini, huyashona kuwa mashuka makubwa mno ya kufunika majengo. Mwaka 2015 yalifunika kuta za njia ndefu ya nje huko Arsenale, Venice. Mwaka 2017 yalifunika majengo ya lango la Torwache mjini Kassel, wakati wa maonyesho ya documenta. Jengo la mawe la Ujerumani lililovaa magunia yenye masizi ya mkaa wa Ghana linamlazimisha mpita njia akumbuke kwamba kakao anayoila ilibebwa na mtu. Mahama amepiga pia picha za mikono ya wenzake wa kazi, iliyochanjwa majina na miji ya kwao ili wakipatwa na ajali watambulike. Jina kwenye gunia na jina kwenye ngozi yameandikwa kwa sababu zinazofanana, na hilo ni jambo zito kuliko lolote lililowahi kusemwa na mchoro wa mkulima wa kakao.

Romuald Hazoumè wa Porto-Novo, Benin, aliyezaliwa mwaka 1962, alichukua dumu. Petroli ya magendo kutoka Nigeria husafirishwa kuingia Benin kwa pikipiki zilizofungwa madumu ya plastiki kila upande, na wabebaji huyapasha moto madumu hayo ili yavimbe yaingize mafuta mengi zaidi. Dumu lililovimbishwa hivyo mwisho hupasuka. Hazoumè huyakata na kuyageuza: mdomo wa dumu huwa mdomo wa sura ya mtu, mkono wake huwa pua. Katika La Bouche du Roi, kazi aliyoifanya kati ya mwaka 1997 na 2005, alipanga vinyago 304 vya namna hiyo kwa umbo la meli ya watumwa iliyoitwa Brookes, kama ilivyochorwa katika mchoro mashuhuri wa wapinga utumwa mwishoni mwa karne ya 18. Kati ya vinyago aliweka chupa za pombe, tumbaku, viungo, shanga na kauri. Makumbusho ya Uingereza yaliionyesha mwaka 2007, miaka 200 baada ya Bunge la Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa. Kauri hizo zina uhusiano na pwani ya Waswahili pia, kwa maana katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Kijerumani walipakia kauri nyingi Unguja na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Hazoumè hahitaji kueleza hayo. Ameweka tu fedha, bidhaa na mwili uliovimbishwa mpaka kikomo chake mahali pamoja.

Silaha ni malighafi ya hatari kwa maana nyingine: ni rahisi mno kuifanya iguse hisia. Bunduki ikitiwa mahali popote hutisha, na msanii mvivu anaweza kutegemea hilo. Msumbiji ilipata njia bora. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1977 hadi 1992 nchi ilibaki imejaa silaha zilizofichwa. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, chini ya uongozi wa Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mradi wa kuwapa watu majembe, baiskeli na cherehani badala ya bunduki. Bunduki zilikatwa na vipande vikapewa wasanii wa Maputo. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, anayejulikana kwa jina la Kester, alitengeneza mwaka 2001 kiti cha enzi cha bunduki ambacho sasa kiko London. Hakuna bunduki hata moja katika kiti hicho iliyotengenezwa Afrika. Gonçalo Mabunda, aliyezaliwa mwaka 1975, ameendelea na viti na barakoa kwa miaka mingi, na katika kazi zake bora bunduki hujidhihirisha polepole: mtazamaji huona kwanza uso unaocheka, kisha springi ya kifyatuo, kisha akatambua. Freddy Tsimba wa Kinshasa, aliyezaliwa mwaka 1967, huchomelea maganda ya risasi mamia kwa mamia kuwa miili ya wanawake, wengi wajawazito. Ganda lenyewe ni tupu, na mwili uliojengwa kwa maganda ni tupu ndani vilevile, lakini tumbo la uzazi limejaa. Kwa nchi ambayo mashariki yake, sehemu ya wasemaji wa Kiswahili, imebeba vita kwa miongo mitatu, sanamu hizo hazina mzaha wowote.

Huko Nairobi, Cyrus Kabiru, aliyezaliwa mwaka 1984, alikua akitazamana na jaa la Dandora. Amesimulia kwamba alipokuwa mdogo alitamani miwani na baba yake hakutaka awe nayo, akaanza kujitengenezea. Miwani yake ya sasa, ambayo huitwa C-Stunners, huundwa kwa waya, vijiko, misumari, vizibo na vipande vya redio na kompyuta. Mingi haionyeshi mbele kabisa. Kabiru huivaa na kupigwa picha, na picha hiyo ni sehemu ya kazi, kwa hiyo kilichotupwa jaani kinageuka kuwa kitu cha kumtazamia mtu anayekitazama. Mfululizo mmoja aliupa jina la Macho Nne. Amefanya pia kazi kwa vipuri vya baiskeli aina ya Black Mamba, chombo kizito cheusi ambacho kwa miaka mingi kilibeba maziwa, mkaa na wagonjwa mashambani mwa Kenya na ambacho pikipiki zimekifukuza barabarani.

Naomi Wanjiku Gakunga, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1960 na anayeishi San Antonio, Texas, hufanya kazi kwa mabati, na hapa Afrika Mashariki inapata malighafi ambayo kila mtu anaijua kwa sauti yake mvua inaponyesha. Baada ya uhuru wanawake wa Kenya ya kati waliunda vikundi vya kuchanga fedha ili kila mmoja kwa zamu apate mabati ya nyumba yake. Bati lilimaanisha paa lisilovuja. Lilimaanisha pia maji ya mvua yaliyokingwa mlangoni, na safari moja iliyopungua kwenda mtoni ukiwa umebeba mtungi. Gakunga huyaacha mabati nje katika mvua na jua, huyalowesha, na huruhusu kutu ichore ipendavyo. Baada ya hapo huyakata vipande na kuyashona kwa waya wa chuma, kwa mikono iliyojua kusuka kabla ya kujua chuma. Kutu, ambayo mwenye nyumba huiogopa, ndiyo rangi yake. Ni vigumu kutaja kazi nyingine inayoheshimu vikundi vile vya wanawake kwa unyoofu wa kiasi hicho.

Nguo ya gome ya Uganda ina mkasa wa namna nyingine. Baganda hubandua gome la mti wa mutuba wakati wa mvua, hufunga shina kwa majani ya mgomba ili liote gome jipya, na kuligonga gome lililobanduliwa kwa nyundo za mti mpaka liwe kitambaa laini cha rangi ya udongo. Ilikuwa nguo ya wafalme na sanda ya wafu. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilileta kitambaa cha pamba, na nguo ya gome ikaanza kurudi nyuma. UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Sanaa Gateja, aliyezaliwa mwaka 1950 na aliyewahi kuishi na kuwa na duka la sanaa Mombasa, hushona juu ya nguo hiyo shanga za karatasi. Karatasi zilizokwisha kusomwa hukatwa pembetatu ndefu, husokotwa, hugandishwa na kupakwa vanishi, na maandishi yaliyokuwa juu yake hujikunja ndani ya ushanga ambapo hakuna atakayeyasoma tena. Nguo ya kuzikia na maneno yaliyozikwa hukaa pamoja. Alikuwa miongoni mwa wasanii wa banda la Uganda huko Venice mwaka 2024.

Wangechi Mutu ni wa daraja jingine, kwa sababu mikono yake inahama. Mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1972, alijulikana kwa kolaji: picha za magazeti ya mitindo zilizobandikwa juu ya michoro ya kitabibu ya karne ya 19 inayoonyesha uvimbe wa kizazi. Mwili wa mwanamke ulikuwa tayari umekatwakatwa na daktari na mpiga picha kabla yeye hajashika mkasi. Aliporudi kufanya kazi Nairobi alianza kutumia udongo mwekundu wa huko, karatasi iliyopondwa, magogo na mifupa, na sanamu zake zikawa nzito, zimesimama, hazijakatwa.

Kipimo kilichotajwa juu husaidia pia kutenga yasiyo na uzito sawa. Katika mwambao wa Kenya kandambili zinazoletwa na bahari hukusanywa, kuoshwa, kugandishwa pamoja na kuchongwa twiga na kasa wa rangi nyingi. Ni kazi halali, inalipa watu, na fukwe husafishwa kweli. Lakini twiga huyo angechongwa kwa sponji mpya ya rangi angekuwa twiga yuleyule. Habari ya kandambili imo kwenye kikaratasi cha bei, haimo ndani ya mnyama. Tofauti hiyo si ya utajiri wala ya elimu ya msanii. Wasanii mashuhuri wa miji mikubwa nao huuza vitu vingi ambavyo malighafi yake ingeweza kubadilishwa asubuhi na mapema bila mtu kujua.

Kazi za namna hii karibu zote hudai mikono mingi, na hapo lipo swali ambalo maonyesho makubwa hulipita kimya. Karakana ya Nsukka imewaajiri vijana wengi kwa miaka. Shanga za Gateja husokotwa na wanawake aliowafundisha. Acaye Kerunen, ambaye pamoja na Collin Sekajugo aliiwakilisha Uganda kwa mara ya kwanza Venice mwaka 2022, hupokea mikeka na vikapu vilivyosukwa na wanawake, huvifumua na kuviunganisha upya kuwa kazi kubwa. Kazi inaposifiwa kwa subira iliyotumika, subira hiyo ni ya watu ambao majina yao kwa kawaida hayamo ukutani. Jibu la wazi zaidi limetoka Lusanga, Kongo, mahali palipoitwa Leverville enzi ambapo kampuni ya sabuni ya Lever ilimiliki mashamba ya michikichi huko. Mwaka 2014 wafanyakazi wa mashamba waliunda ushirika wa wasanii, CATPC. Hufinyanga sanamu kwa udongo wa mto, sanamu hizo hupimwa kwa mashine na kutengenezwa upya Amsterdam kwa chokoleti, na zimeonyeshwa New York mwaka 2017 na katika banda la Uholanzi la Venice mwaka 2024. Kwa fedha za mauzo ushirika umenunua tena ardhi ya mashamba ya zamani na kuipanda miti na chakula. Hapa malighafi, mikono na faida vimefuata njia moja, na hilo ni nadra.

Mwisho kuna suala la kudumu. Kazi za mpira wa asili za Eva Hesse, aliyefariki New York mwaka 1970, zimegeuka kahawia na kukakamaa, na nyingine haziwezi tena kuonyeshwa. Papa ambaye Damien Hirst alimtia ndani ya tangi la dawa mwaka 1991 alioza, na mwaka 2006 akawekwa papa mwingine bila wengi kuona kosa, kwa kuwa wazo lilihesabiwa kuwa ndilo kazi. Chokoleti ya Lusanga nayo inaweza kuyeyushwa na kumiminwa upya, mradi vipimo vya udongo vimehifadhiwa, na kakao itakuwa kakao. Gunia la Mahama haliwezi kubadilishwa hivyo: gunia jipya halina jina la mtu wala masizi. Waya wa shaba wa Anatsui ukikatika, waya mwingine unafaa. Kizibo kikidondoka, lazima atafutwe wa kukirudisha kilekile. Kutu ya Gakunga huendelea polepole ikiwa hewa ina unyevu, na ikikaushwa kabisa husimama. Kwa sababu hizo wahifadhi wa makumbusho sasa humhoji msanii akiwa hai na kuandika kwenye jalada la kila kazi kipi kinaruhusiwa kubadilishwa, kipi kiachwe kife, na nani atakayekata shauri msanii akiwa hayupo.